Kipa Aliyenifundisha Kunyamaza

Nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya ushauri nasaha, nilifanya mazoezi ya kazi na timu ya kandanda ya wanawake pale Amalemba. Niliiomba nafasi hiyo mwenyewe. Nilikuwa nimecheza mpaka goti likanikatalia, na nilitaka kuelewa ni nini humpata mchezaji ambaye mwili ni mzima lakini moyo umegoma.

Kocha alinikabidhi kipa wake, msusi wa miaka ishirini na mmoja. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie haya. Katika mechi moja kule Mumias alipitwa na mpira mwepesi katikati ya miguu, na tangu hapo mikono ilimtetemeka kila aliposimama golini. Nikafungua daftari langu. Nikamfundisha kupumua kwa kuhesabu, kufumba macho na kujiona akidaka. Alifanya yote kwa adabu, "Sawa, dada," na mikono ikaendelea kutetemeka.

Wiki ya tatu nilimlalamikia mwalimu aliyenisimamia, mama mtu mzima wa maneno machache. Aliuliza kama nilikuwa nimemuuliza msichana anaogopa nini. Nikakiri kwamba sikuona haja. Bila shaka aliogopa kufungwa tena.

"Unamjibu kabla hajasema," akaniambia. "Nenda ukanyamaze."

Jioni hiyo, baada ya mazoezi, niliketi na kipa kwenye nyasi akisugua matope kwenye glavu zake. Nikamuuliza tu siku ile ya Mumias ilikuwaje. Alikawia kujibu hata nikajiuma ulimi. Kisha akasema kwamba babake, mwendesha bodaboda, alikuwa amekuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Baada ya goli lile aliinua macho, na baba hakuwepo tena. Nyumbani hawakuwahi kulizungumzia.

"Nilimwaibisha," alisema.

Nilikuwa na maneno tele ya kumfariji. Nikayameza. Wenzake walikuwa wakichekeana kwenye bomba la maji, nasi tukawasikiliza. Mwishowe akasema mwenyewe, "Afadhali nimuulize."

Ilimchukua siku nne. Baba alimweleza kwamba wanaume waliosimama karibu naye walikuwa wakimtukana kipa, bila kujua ni bintiye, akaondoka ili asipigane nao. Alikaa nje juu ya pikipiki mpaka filimbi ya mwisho, na tangu hapo hakujua aanzie wapi kumwambia.

Mechi iliyofuata tulifungwa mawili kwa moja. Lakini kipa wetu aliuita mpira na kuwapanga mabeki kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na babake alisimama nyuma ya goli dakika zote tisini.

Msimu ulipokwisha kipa na wazazi wake wakanialika chakula nyumbani kwao, na mwalimu wangu akaniruhusu kwenda. Nilikwenda nikitafuta namna ya kuwashukuru, maana nilijifunza kazi yangu kupitia maumivu yao nao wakanivumilia. Sikupata nafasi. Mamake alipakua obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu. Baba akachukua firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwanamume, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwalimu," akasema.

Nikala, huku machozi yakinilengalenga.