Ng'ombe wa Kandambili

Mpaka leo nikipita kwenye duka la viatu nikapokelewa na harufu ya kandambili mpya, vidole vyangu vinaanza kuwasha. Wenzangu wakiona kandambili wanawaza kwenda kuoga. Mimi nawaza mhuri. Nawaza soli laini ikichongwa kwa wembe, zambarau iliyoganda chini ya kucha, na shangazi yangu Minza amekaa kwenye mkeka uani kwetu Tinde, ncha ya ulimi imetoka nje kama ilivyokuwa desturi yake akiwa kazini.

Shangazi Minza, kitinda mimba wa babu na bibi yangu, ndiye aliyekuwa fundi wa kadi. Ukifika msimu wa mitihani, wanafunzi walimjia awatengenezee kadi za kutakiana heri. Krismasi na Idi ndiyo usiseme. Alichora ua au nyota juu ya kandambili iliyochakaa, akachonga pembeni mpaka mchoro ukasimama peke yake, kisha akaubandika kwenye kipande cha ubao. Wino wetu ulikuwa jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, tuliyoimwaga kwenye kipande cha sponji ya godoro. Unagusa sponji, unagandamiza kwenye karatasi ya manila, unainua taratibu. Jamani! Ile sekunde ya kuinua mhuri, hujui kilichotoka chini yake, moyo ulikuwa unanidunda kama nimeiba mboga. Bibi alikuwa akipita na ndoo yake anasema, "Endeleeni tu. Iko siku nyumba hii nzima itatembea pekupeku kwa ajili ya maua ya karatasi."

Mwaka ninaousimulia, kadi zilikuwa za harusi ya Shangazi mwenyewe. Mchumba wake, Shija wa Kishapu, alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu ili apate ng'ombe wa mahari. Alikaa huko mpaka watu wakachoka kumngoja kwa niaba ya Shangazi. Wengine walisema kafukiwa na duara, yaani shimo la dhahabu. Wengine wakasema kaoa hukohuko. Shangazi hakubishana na mtu, alichonga kandambili tu. Kumbe Shija alikuwa hai, na siku moja alitokea na ng'ombe wazuri wenye nundu zilizonona, wakaingia kwenye zizi letu huku bibi akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo Shangazi akasema kadi za studio za mjini Shinyanga hazitaki. Harusi yake itatangazwa kwa kandambili.

Nilimsumbua mpaka akanipa kadi moja niitengeneze peke yangu. Tena si kadi ya hivihivi, ni ile ya baba yake Shija, Mzee Luhende! Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi Shangazi alipokwenda kununua nyuzi za kusukia, nikajifungia na wembe wangu. Niliamua kuchonga ng'ombe. Upande wa kushoto wa karatasi nikachora kwao Shija, na lile zizi kubwa nililolisikia likisifiwa. Upande wa kulia nikachora kwetu, na ua wetu wa minyaa. Katikati nikawagonga ng'ombe wangu, mmoja nyuma ya mwingine, kundi zima, wanatoka kwao wanakuja kwetu.

Ndivyo nilivyokusudia. Kwenye mhuri ng'ombe alitazama kulia, kwetu. Karatasini alitoka anatazama kushoto. Niliona, sisemi sikuona, lakini nilikuwa nimelewa raha. Pembe zilitoka safi, nundu ilitoka safi, hata mkia ulitoka! Ng'ombe ni ng'ombe, nikajisemea, atazame huku atazame kule. Nikaifunga bahasha kwa ugali uliolainishwa kwa maji, mdogo wake Shija alipopita nikamkabidhi, nikarudi ndani nacheza.

Sasa wewe msomaji, kama hukukulia Usukumani, nikueleze. Ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini kwa binti, hawatoki. Wakionekana wanarudi walikotoka, maana yake ni moja tu: ndoa imekufa, binti amewakataa. Na Mzee Luhende hakujishughulisha na maandishi ya watu. Alisoma ng'ombe.

Kesho yake pikipiki ikaingia uani kwetu. Mzee Luhende alishuka na fimbo yake, Shija nyuma yake, midomo imemkauka. Simu zilikuwepo, lakini mambo ya ng'ombe hayaulizwi kwa simu. Nikamkimbilia, "Shikamoo babu!" Hakuitikia. Akaletewa kigoda, hakukaa. Akaletewa maji, hakuyagusa. Akamfunulia babu yangu kadi na kusema, "Kuuliza si ujinga. Ng'ombe wetu mnawarudisha kwa kosa gani?"

Babu aliigeuza kadi juu chini. Bibi akachungulia begani kwake, akashika kichwa. "Mayu wane, mama yangu! Minza!"

Shangazi akatoka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Akaiona kadi, kisha akamwona Shija, na Shija akashindwa kumtazama. Uso wa Shangazi ulibadilika nikaogopa. Miaka yote ile ya kungoja, na sasa inataka kufutwa na kipande cha kandambili.

Nikakimbia ndani nikarudi na mhuri. Nikaushika mkono wa Mzee Luhende, mkono wa mzee mzima wa watu, nikamwonyesha ng'ombe kwenye ubao anavyotazama kulia. Nikamgonga nyuma ya kiganja. Nilipoinua, ng'ombe wa zambarau alikuwa anatazama kushoto.

Mzee akautazama mhuri, akautazama mkono. Akautazama tena mhuri. Mashavu yakaanza kumcheza, lakini akajizuia.

"Haya, mtoto kasema lake," alisema. "Wazee tulishasema letu. Minza, wewe sijakusikia. Ng'ombe hawa warudi, au wasirudi?"

Kwetu mkwe hasemi hivihivi mbele ya baba mkwe. Bibi alishaanza kufungua mdomo amjibie. Shangazi akamwahi.

"Yaya!" Hapana hiyo, kwa Kisukuma, na aliitoa kwa sauti ambayo nadhani barabarani waliisikia. "Asirudi hata ndama. Na Shija naye akitaka kurudi machimboni, aniulize kwanza, kama wewe baba ulivyoniuliza."

Mzee Luhende akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Akaomba maji, akakaa, akanigeukia mimi na kusema, "Marahaba, mjukuu," nikatamani kuruka. Jioni ile Shangazi alinichongea ng'ombe wa pili anayetazama upande mwingine, tukatengeneza kadi mpya. Mzee akaikataa, akaondoka na ileile ya kwanza, anasema hiyo ndiyo yenye habari.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha mhuri. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha ikafika zamu yangu. Wazee wa mtu mmoja, mwenye duka kubwa na sifa njema, walikaa sebuleni kwetu wakihesabiana ng'ombe na babu na baba. Mimi nilikuwa jikoni, natazama sufuria, sina hamu hata ya chai. Shangazi Minza akaingia, ametoka Kishapu na vumbi lake. Akafungua fundo la kanga, akatoa ng'ombe wangu yule wa kwanza, ameingia weusi kwa uzee. Akaupaka mhuri jivii, akanigonga kiganjani.

"Mimi siku ile ningeolewa bila mtu kuniuliza," alisema. "Wote walishakubaliana, hata mimi nilishasahau kwamba naweza kuulizwa. Ni huyu aliyefanya niulizwe. Sasa nakuuliza wewe, Kabula. Waje, au wasije?"

Nikamtazama yule ng'ombe wa zambarau kiganjani mwangu, kichwa kaelekeza kushoto, anarudi kwao. Moyo ukanidunda kama zamani nikiinua mhuri.

"Yaya," nikasema.

Shangazi akaufunga mhuri kwenye kanga yake, akaenda sebuleni kuwaambia wazee.