Neno Moja, Vinywa Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu, kidau cha wino na onyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, na ofisi yetu ilikuwa Raskazone, mjini Tanga, chumba kimoja cha ghorofani. Tulikuwa tukitengeneza kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya maafisa wageni. Bwana Mkubwa, Mwingereza, alichagua maneno. Karani Mkuu alipitisha tafsiri. Sisi makarani wadogo tulitembea juani kuzitafuta.

Onyo lilitoka kwa Karani Mkuu. “Hapa hatubuni, kijana. Neno lisilo na vinywa viwili halipiti.” Alitaka watu wawili walitamke wenyewe, bila kuchokozwa, nawe uwe umewasikia kwa masikio yako.

Tulimwita Maalimu. Alikuwa Mzigua wa Pangani aliyehamia Ngamiani, na sikuwahi kuliona jino lake. Tulinong'onezana kuwa hata mbu humpisha njia. Nami nilikuwa kwenye majaribio. Nikishindwa, narudi shamba la mkonge, ambako baba yangu, Mnyamwezi aliyekuja pwani kwa mkataba kama manamba wengine, alikuwa bado anakata majani. Niliuogopa mkonge kuliko nilivyomwogopa Maalimu, ingawa kwa kidogo tu.

Neno langu la kwanza lilikuwa “unbend”. Bwana Mkubwa alinieleza kuwa asili yake ni upinde. Wazee wao waliufunga upinde kwa kamba mpaka ukajikunja, na wakitoka vitani waliifungua ili mti upumzike. Nikaenda hadi njia ya Horohoro kwa wawindaji, wakaniambia upinde ukirudi nyumbani huvuliwa upote, yaani ile kamba yake. Wahunzi wa Ngamiani wakanipa kunyoosha chuma kilichopinda. Mabaharia wakanipa kufungua tanga kutoka kwenye foromali, ule mti linakotundikwa. Nikaona kumbe maana zote ni ndugu: kukifungua kilichokazwa.

Ikabaki maana ya nne, ya mtu mkali anayeacha ukali wake pasipo kuvunjiwa heshima. Jua lilikuwa kali, nami nilichoka. Nikaketi mezani nikaandika “kulegea”.

Maalimu aliisoma karatasi akiwa amesimama. “Anayelegea ni mgonjwa au mlevi. Umemsikia nani?”

“Sikumsikia mtu, Maalimu.”

Aliichana. “Jumatatu ijayo uje na vinywa viwili, au uje kuaga.”

Kabla ya Jumatatu hiyo kufika, Maalimu alifiwa na kaka yake, mtu aliyemlea. Ofisi nzima tulikwenda kuzika. Tulimkuta barazani kwake, ameketi wima kwenye jamvi, macho makavu. Hakuwa amelia wala kusema tangu alfajiri, na wanawake ndani walikuwa na hofu, maana kilio kikikwama kifuani huua.

Jeneza lilipofikishwa mlangoni, akatokea baba yangu. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani msibani ana kazi yake: kusaidia kuzika, na kuwadhihaki wafiwa mpaka wapumue. Nilijua desturi hiyo. Sikujua kwamba baba angeitimiza kwa mkubwa wangu. Alimvua Maalimu miwani, akaivaa, akaweka mikono nyuma, akalisimamia jeneza.

“Ati umekufa? Nani kasema? Lete vinywa viwili!”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maneno yale aliyatoa kwangu, Jumapili nilipokwenda shambani kumlalamikia, na kila karani aliyekuwepo alilijua hilo. Kazi imekwisha, nikasema moyoni.

Maalimu aliinua uso. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka kwa sauti, na humo ndani ya kicheko kilio kikapasuka. “Kaka yangu! Kaka yangu mie!” Baba akamrudishia miwani, akamkumbatia. “Lia, mtani. Leo sikudai kitu.”

Nyuma ya pazia nikamsikia mkewe, “Alhamdulillahi, amekunjuka.”

Jirani akaitikia, “Haswa! Amekunjuka moyo.”

Jumatatu niliweka karatasi mezani. Kukunjuka.

“Umemsikia nani?”

Ningeweza kusema sokoni. “Mkeo, Maalimu. Na jirani yenu. Siku ya mazishi.”

“Wakimsema nani?”

“Wewe, Maalimu.”

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachovya kalamu, akatia sahihi. “Limepita. Baba yako mwambie bado nina zamu yangu.”

Nikathibitishwa kazini. Nilihamishiwa Korogwe, kisha Pangani chini ya Karani wa Wilaya mwenye maneno matamu na mishahara iliyochelewa, nikarudi Tanga, nikastaafu nikiwa Karani Mkuu. Vijana huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Huwaambia kwamba neno hukaa kwa watu, nao huliachia wanapolihitaji wao. Sisi kazi yetu ilikuwa kuwepo.

Lakini la maana zaidi nililipata baba alipofariki. Sikulia. Nilipokea wageni, nikapanga wabebaji, nikawa wima kabisa. Tulipoinua jeneza kuelekea makaburini, njia ikaziba. Maalimu, mzee sasa, mkongojo pembeni, alikuwa amelala chali katikati ya vumbi, na kanzu yake nyeupe.

“Hapiti!” alipiga kelele. “Alikuja pwani kwa mkataba, na mkataba haujaisha!”

Nilicheka mbele ya jeneza la baba yangu, kisha nikapiga magoti vumbini kando ya yule mzee, nikalia mpaka wakaja kutuinua sote wawili.