Kisu cha Mamba na Sufuria Mpya

Nina kisu cha kukunja chenye umbo la mamba. Nilikinunua Garsen siku ya soko, kwa mchuuzi aliyekipanga kati ya tochi na nyembe, na tangu hapo kichwa kikanivimba. Mpini ni wa shaba, una magamba na macho mawili mekundu. Ukibonyeza jicho la kushoto huku ukivuta mkia, makali yanachomoka tumboni. Ukikosea ukabonyeza la kulia, mamba anatoa ulimi, na ulimi huo ni wa kufungulia soda. Sisi wa kijiji cha Hewani tunaishi na mamba wa kweli mtoni na hakuna anayewachekea. Huyu wangu nilimbeba mfukoni, nikamtoa kila nilipopata kisingizio. Nilimenyea maembe, nikachongea vijiti vya meno, nikakatia kamba ambazo hazikuwa na haja ya kukatwa. Mke wangu alikuwa akiniuliza asubuhi kama kisu kimeamka salama.

Mke wangu ana rafiki, mama mmoja mfugaji, Muorma, anayetuletea maziwa. Kwa miaka mingi wamebadilishana maziwa kwa ndizi. Wanaketi, wanacheka, wanatusengenya sisi waume zao, lakini mama huyo hakuwahi kutia tonge kinywani nyumbani kwetu. Kila akikaribishwa husema ameshiba. Sababu tunaijua, wala hatumlaumu. Yeye ni Mwislamu, sisi ni Wakristo wakulima wa kando ya mto, na ngiri akituharibia shamba mwisho wake ni jikoni. Kila sufuria, kisu na panga la nyumba yetu lilikuwa limeshakutana na ngiri, na mke wangu si mtu wa kumficha rafiki jambo. Lakini ilimuuma. Amelisha nusu ya Hewani, na mtu aliyempenda kuliko wote ndiye pekee aliyeondoka kwake mdomo mkavu.

Basi mwaka huu akanunua sufuria mpya, kubwa, akaifungia chumbani nisije nikaipikia chochote. Akanenepesha mbuzi. Akamwalika rafiki yake pamoja na mumewe, ili mzee achinje mwenyewe, kama ilivyo kawaida huku kwetu mgeni akiwa Mwislamu. Mzee aliponipigia simu kusema atakuja na kisu chake, nilimkatiza.

"Acha kabisa, mzee. Hapa kuna kisu hakijawahi kugusa nyama ya aina yoyote."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mke wangu akakitupia jicho kisu.

"Kitafunguka?"

"Mama, hiki ni mtambo!"

Wageni walifika mapema, mama akiwa na dumu lake la maziwa. Mzee alimlaza mbuzi akamwelekeza kibla, akamshika kichwa, na shemeji yangu akashika miguu yote minne.

"Leta kisu," mzee akasema. "Lakini ficha. Mbuzi asione."

Nikaingiza mikono chini ya shati, nikabonyeza jicho, nikavuta mkia. Kimya. Jana yake nilikuwa nimemenya embe bivu mbele ya majirani, na maji yake yalikuwa yamekauka ndani ya mamba yakamgandisha. Nikavuta tena kwa nguvu, kidole kikateleza, ulimi ukatoka.

"Hii nini?" mzee akauliza.

"Ulimi."

"Mimi sitaki ulimi. Mimi nataka meno."

Shemeji, ambaye kitu kikimshinda mwenzake lazima naye ajaribu, akasema, "Hebu lete hapa," akaiacha miguu. Akavuta mkia. Ulimi ukarudi ndani, ukatoka tena. Mzee akaona vijana hawa hawajui kitu, akaacha kichwa ili ashike mpini. Wanaume watatu tukawa tumemshika mamba barabara, na mbuzi hakuna aliyemshika. Akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akaelekea msituni.

Tulimtafuta hadi jua likawa utosini. Mzee alitukataza kusogea majini, maana huko wapo mamba wanaofunguka bila kubonyezwa. Tukarudi mikono mitupu.

Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya sufuria yake mpya, maji yakichemka bila kitu ndani. Hakunigombeza. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema moshi umemwingia, na kuni zenyewe zilikuwa kavu hazina moshi. Niliona aibu mpaka nikatamani mto unichukue, unitapike baharini kule Kipini.

Mama wa maziwa akaninyang'anya kisu. Akachota maji ya moto kutoka kwenye sufuria, akammwagia mamba, akasubiri kidogo, akabonyeza. Makali yakatoka bila ubishi. Kisha akakaa chini karibu na mke wangu.

"Dada, sufuria mpya itakaa hivi hivi? Ndizi yako iko. Maziwa yangu iko."

Akavuta mkungu wa ndizi mbichi, akaanza kumenya kwa kisu changu. Wakazichemsha, wakamwaga maji, wakatia maziwa na chumvi kidogo. Sisi wanaume tuliambiwa tukae mbali, tukakaa. Mke wangu akampakulia kwenye sahani mpya, iliyonunuliwa pamoja na sufuria. Mama akala. Akamaliza, akafuta sahani kwa kidole, akaisogeza aongezwe.

"Miaka yote nakwambia nimeshiba," akasema. "Dada, mimi nilikuwa nasikia njaa sana."

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakusingizia moshi.

Mbuzi alirudi mwenyewe jioni, akajilaza mahali pake. Sufuria ile sasa ni ya kumpikia mama wa maziwa tu, na kisu kinalala ndani yake, kifuniko juu. Mimi sina ruhusa ya kukigusa. Maembe namenya kwa meno.