Nilivyowanyima watu wawili salamu: mkutano wetu wa wapenzi wa redio, Sumbawanga

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mapema ili tusisumbuane huko mbele.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ndiyo sina mazoea. Lakini juzi nimeona uzi wa jamaa aliyeandaa kongamano la wapiga picha, watu wakamshukia kama mwewe, naye akawajibu: "Sisi tumejitolea, mlitaka nini zaidi?"

Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Sentensi hiyo mimi niliwahi kuipiga chapa mara kumi na moja, siku moja.

Nitasimulia kama ilivyokuwa, pamoja na pale ninapoonekana mjinga. Majina tu nimebadilisha.

Na nyie mnaosikia Sumbawanga mkaanza kusogeza viti mkitegemea uchawi na radi za mchana, samahani. Leo hakuna.

Ni miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi kijana kutoka Mbeya, karani wa serikali, nikapangiwa Sumbawanga. Nikapata chumba Majengo. Nilitoka kwenye baridi nikidhani naijua baridi, kumbe ya Ufipa ni nyingine. Ule upepo wa mwezi wa sita unapita hadi kwenye blanketi.

Starehe yangu ilikuwa redio, hasa kipindi cha salamu.

Kwa vijana: ulikuwa unanunua kadi, unaandika jina lako na mahali ulipo, halafu orodha ya unaowasalimia, na mwisho ujumbe mfupi. Unaituma kwa posta hadi Dar es Salaam. Baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, mtangazaji anaisoma na nchi nzima inasikia. Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka unayaanika juani, unayageuza kama mihogo, unayarudisha ndani na kuomba Mungu.

Basi mkoa mzima kukawa na watu wanaofahamiana kwa majina ya redioni tu. Fulani wa Kabwe kule ziwani, fulani wa Ilemba, fulani wa Majengo. Sura hatujuani.

Tukasema tukutane.

Kamati ilikuwa watu watatu, wote wa kujitolea. Mwenyekiti Mwalimu Gwakisa, Mnyakyusa mwenzangu wa kutoka kule kwetu, mwalimu wa shule ya msingi. Mweka vifaa Mama Skola, Mfipa, muuzaji wa duka la ushirika, mama mwenye maneno machache na jicho kali. Katibu mimi.

Tulihangaika sana, lazima niseme. Kuomba darasa, kuomba kibali, kutafuta sukari wakati sukari yenyewe haionekani. Barua za mialiko nilizipiga kwa mashine ya ofisini baada ya saa za kazi, na karatasi ya kaboni niliitumia hadi ikawa nyeupe.

Ratiba niliipanga mwenyewe. Saa tatu kamili, kujitambulisha. Saa nne, mgeni rasmi. Saa saba, chakula. Saa nane, kuagana. Nilikuwa naipenda ile karatasi jamani, kuliko hata watu niliokuwa nawaalika.

Siku ikafika. Watu kama arobaini na kitu. Wengine walikuja na redio zao wamezibeba kifuani kama watoto wachanga, kitambaa cha kufuma juu.

Mlangoni nilikaa na daftari la mahudhurio. Mtu anakupa barua ya mwaliko, unanakili jina, anapita. Hakuna kuulizana. Niliona nimebuni mfumo mzuri, foleni haikusimama.

Mgeni rasmi akachelewa.

Ikafika saa tatu, nikasema tusianze kujitambulisha hadi mgeni aje, ili naye atufahamu. Saa nne hakuna. Saa tano na nusu akatokea. Nikaangalia karatasi yangu, nikachukua kalamu, nikakata mstari mmoja tu ili mambo mengine yakae sawa. Nilikata kujitambulisha.

Mgeni akapanda, akaanza kuongea. Aliongea kuhusu kilimo, kisomo cha watu wazima, na umuhimu wa kutunza redio isipate vumbi.

Katikati ya hotuba, alipotulia kunywa maji, mzee mmoja wa benchi la tatu akasimama. Kofia mkononi, makoti mawili, moja juu ya lingine.

"Ndugu Katibu," akasema, "tunaomba tujuane kwanza. Mimi nimepanda mlima kuja kuona sura za watu."

Nikamwambia, "Mzee wangu shikamoo. Tafadhali kaa chini, ratiba imebana. Tutajuana mwishoni."

Akakaa.

Wakuu, mwisho huo haukuwepo. Hotuba ilipoisha, lori lililoleta watu wa ziwani lilikuwa linapiga honi, dereva anataka kufika kabla giza halijamkuta barabarani. Watu wa Kabwe na vijiji vya jirani walifungiwa chakula kwenye majani ya mgomba, wakapanda, wakaondoka. Wengine wakatawanyika nao. Saa nane kamili darasa lilikuwa tupu, kama ratiba ilivyotaka. Nikamwambia Mwalimu Gwakisa, "Umeona? Tumemaliza kwa wakati."

Mama Skola alikuwa anakusanya vikombe.

Wiki ya tatu zikaanza barua. Siku hizi mnaita feedback. Kumi na moja.

Chai haina sukari. Mabenchi ya watoto. Hotuba ndefu. Mmoja akaandika kuwa amesafiri kutwa nzima kuja kuangalia mgongo wa mtu wa benchi la mbele.

Tukakutana nyumbani kwa Mwalimu. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na bado naikumbuka, maana nilikuwa sijalala vizuri mwezi mzima kwa ajili ya hao hao. Mwalimu akasema shukrani ya punda ni mateke, tuwajibu kwa heshima tufunge mjadala. Nikapiga chapa jibu moja kwa wote: "Kamati inapenda kukufahamisha kuwa waandaaji wote walijitolea bila malipo, na mkutano ulifuata ratiba." Sahihi, mhuri, posta.

Mojawapo ya hizo barua ilikuwa ya yule mzee wa makoti mawili. Jina lake Mzee Oresti, wa Ilemba, kule bondeni. Aliandikiwa na katekista. Hakulalamika chai wala benchi. Alisema hivi: miaka minne nyuma mke wake alipofariki, alituma kadi ya salamu ya kuwashukuru waliomzika. Mwanamke mmoja asiyemjua, Mama Gaudensia wa Kabwe, akasikia, akamtumia salamu za pole redioni. Tangu hapo kila mwezi wanasalimiana. Yeye alikuja mkutanoni kwa ajili ya huyo mama tu. "Sikumwona. Naomba kujua kama alikuja, au aliona mimi si mtu wa kufuatwa."

Nami nikamjibu kuwa mkutano ulifuata ratiba.

Barua ya kumi na mbili ilichelewa, posta ya ziwani ilikuwa inakwenda kwa kudra. Ilitoka kwa Mama Gaudensia mwenyewe. Mistari michache, mwandiko wa kalamu ya risasi. Aliuliza kwa nini Mzee Oresti hakuja baada ya kuahidi. Alimletea samaki wa ziwani, migebuka mikavu, akarudi nayo. "Kama amechoka na salamu zangu angesema. Mimi sitamsumbua tena."

Na kweli. Jumapili iliyofuata kadi yake ikasomwa. Akasalimia majina tisa, nikihesabu kwa vidole. Mzee Oresti hakuwemo. Kwa watu wa salamu hilo si jambo dogo. Mtu hakutukani, anakuacha nje ya orodha, na nchi nzima inasikia ulivyoachwa.

Jumatatu nikaenda kwenye daftari la mahudhurio. Nilitaka kuhakikisha kama walikuja kweli, labda kosa si letu.

Namba kumi na saba: Oresti, Ilemba. Namba kumi na nane: Gaudensia, Kabwe.

Kwa mwandiko wangu. Walisimama kwenye foleni mmoja nyuma ya mwenzake, mbele ya meza yangu, wakanipa barua zao, nikanakili majina yao yote mawili bila kuinua kichwa.

Niliona aibu, wakuu. Si ile ya kukosea, ni ile ya kukumbuka ulivyojisifu.

Nikalipeleka daftari dukani kwa Mama Skola. Akasoma, akalifunga, akaliweka juu ya mzani.

"Katibu, wewe si mtu wa huku, nilikuvumilia," akasema. "Sisi mtu akikutana na mtu njiani hapiti. Anainama, anapiga makofi, anauliza watoto, anauliza shamba, anauliza mpaka ng'ombe. Ndipo shughuli ianze. Wewe ulikata hiyo ukabakiza mgeni."

Nikasema nitawaandikia barua wote wawili, kimya kimya, niwaeleze.

"Uliwakosea mbele ya watu. Msamaha unauombea uvunguni?"

Mwalimu Gwakisa alikataa kabisa. Alisema tukikubali kosa moja, zile barua nyingine kumi zitarudi na madai, na kibali cha mwakani tusahau. Alikuwa na hoja, na nisimdanganye mtu, kibali cha mwakani hatukukipata. Sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Nikanunua kadi. Nafasi yenyewe ndogo. Nikaandika: Salamu zimfikie Mzee Oresti wa Ilemba na Mama Gaudensia wa Kabwe. Mlikuja wote, namba kumi na saba na kumi na nane. Mimi katibu ndiye niliyewanyima kujuana. Ujumbe: nisameheni.

Ilisomwa baada ya wiki saba, Jumapili mchana. Mtangazaji alifika kwenye zile namba akasita kidogo, akasoma tena.

Kesho yake ofisini bosi wangu akanipokea mlangoni: "Karibu. Wewe leo ni namba ngapi?" Nikaitwa Namba hadi nilipohamishwa. Hata wahasibu waliniita hivyo, watu ambao hawana utani.

Lakini lililoniuma lilikuwa jingine. Sikujua kama wale wawili walisikia. Mawe ya redio yalikuwa yameadimika msimu ule, dukani kwa Mama Skola rafu ilikuwa tupu. Huenda nilijianika mbele ya nchi nzima, na watu wawili tu waliohusika redio zao zimezimika.

Ukapita mwezi. Ukapita wa pili. Kila Jumapili nasikiliza nimesimama, sikio kwenye spika, maana redio yangu nayo ilikuwa inakata roho. Mama Skola alikuwa anapita baada ya misa kuuliza "bado?" na mimi najibu bado.

Nilichojifunza nakiweka hapa kabla sijamaliza. Anayejitolea hujiona ana haki ya kutoguswa. Niliwapa watu jasho langu, nikataka wanilipe kwa kunyamaza. Na kati ya lawama kumi na mbili, za chai na mabenchi zilikuwa za kupita tu. Mbili zilikuwa na watu ndani, nami moja niliipa jibu lile lile, na ya pili nilikaribia kuipa.

Basi ikaja Jumapili moja, mvua za kwanza zimeanza, redio inakoroma. Mtangazaji akasema kadi inatoka kwa Mzee Oresti, Ilemba. Mama Skola akaacha mwavuli mlangoni akaingia.

Salamu za kwanza kabisa: Mama Gaudensia wa Kabwe, migebuka imefika, ahsante. Halafu watoto wake. Halafu katekista. Halafu majirani, nikaanza kukata tamaa, orodha inakwisha.

"Na mwisho kabisa," mtangazaji akasoma, "yule katibu wetu wa Sumbawanga. Mwambieni nimemsikia. Sasa na yeye akae chini, apumzike."

Mama Skola akanisogezea kigoda. Nikakaa.

Haya wakuu, ndiyo hayo. Nyie mliowahi kuwa kwenye kamati za harusi, za misiba, za vikundi vyenu vya simu: mlimwambia nani akae chini? Semeni bila kuogopa, mimi nimeshatangulia.