Baraka Wanne wa Mtaa Mmoja

Jumamosi iliyopita, nikiwa nachagua nyanya sokoni, mama mmoja alipaza sauti: "Barakaaa!" Tuligeuka wanaume watatu, na mtoto mmoja aliyekuwa na ubuyu mdomoni. Tulicheka sote, lakini mie tayari nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Ukonga, nina miaka kumi na mmoja.

Nikueleze kidogo kuhusu jina hili, msomaji wangu. Limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ni heri anayoishusha Mungu. Kwa kuwa msikitini linatajwa na kanisani linatajwa, kila nyumba mtaani kwetu iliona ina haki nalo. Darasani tulikuwa wanne. Mwalimu alipochoka kutuchanganya, akatugawia nyongeza. Kulikuwa na Baraka Mrefu. Na Baraka Msikiti, ambaye kwao ni jirani na msikiti. Na Baraka Magereza, ambaye baba yake alikuwa askari wa gereza. Mie, kwa sababu mama alikaanga maandazi ya hiliki ambayo harufu yake ilifika shuleni kabla yangu, nikawa Baraka Maandazi.

Nililichukia. Na uwanjani ndiyo usiseme. Kipa wetu akipiga kelele, "Oya Baraka, kaba!", sie wanne tulisimama, kila mmoja akidhani anaambiwa mwenzake, na goli likaingia.

Basi fikiria furaha yangu siku katekista alipotangaza kwamba kwenye kipaimara kila mtoto angechagua jina jipya la mtakatifu. Kama hujawahi kuiona, kipaimara ni siku askofu anapokuja parokiani kuwapaka mafuta watoto waliomaliza mafundisho, na lile jina ulilochagua analitamka yeye mwenyewe, kanisa zima likisikia. Jina jipya! Tena nachagua mwenyewe! Nilikimbia hadi nyumbani viatu vikiwa mkononi.

Wiki nzima nilipekua kalenda ya kanisa kwa kidole. Yosefu? Wamejaa. Petro? Hata fundi baiskeli alikuwa Petro. Kisha nikamwona: Polikarpo. Nililitamka bombani, nikalitamka chooni, nikalitamka kitandani hadi ulimi ukazoea. Ukonga nzima sikuwahi kusikia Polikarpo hata mmoja.

"Baada ya kipaimara," niliwatangazia wenzangu, "atakayeniita Baraka siitiki."

"Poli-nini?" Mrefu aliuliza. "Braza, hilo si jina, hiyo ni dawa ya minyoo."

Siku ikafika. Askofu alinipaka mafuta kwenye paji la uso na kulitamka jina langu taratibu, herufi zote zikiwa mahali pake. Nilitoka kanisani kama mfalme.

Nyumbani mama alikuwa amepika pilau. Lilipoiva akasimama mlangoni. "Barakaaa!"

Nikajibanza nyuma ya tangi la maji, nikisubiri aite Polikarpo. Badala yake nikasikia vishindo. Mrefu, Msikiti na Magereza waliingia mbio.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu, naweni mikono."

Nikajitokeza nimenuna. "Mama, mie sasa ni Polikarpo!"

"Hongera baba. Hilo la kanisani." Akanisogezea sahani. "Mie Baraka nilimwomba kwa Mungu miaka saba. Leo wamekuja wanne, nimfukuze nani?"

"Kaa ule, Dawa ya Minyoo," Mrefu alisema huku mdomo umejaa.

Nilikaa, maana nyama zilikuwa zinaisha.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikawauliza wale kina mama wengine. Mama yake Mrefu alikuwa amezika wawili kabla yake. Mama yake Msikiti aliambiwa hatazaa. Mama yake Magereza alijifungua mtoto asiyelia, na wakunga wakahangaika naye hadi alipolia. Mie nilidhani wazazi wetu waliishiwa majina. Kumbe walikuwa majirani waliosubiri kitu kimoja, kila mmoja chumbani kwake, na kilipofika wakakiita kama walivyokiomba.

Sasa najua kwa nini, kila asubuhi tulipopita pamoja kwenda shule, walisimama milangoni wakitutazama hadi tukakata kona. Walikuwa wakituhesabu.