Majina Yote, Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini radioni nilikuta chumba kimoja pale mtaa wa Murara, blanketi zimepigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Mkurugenzi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, aliyefungua radio kwa ajili ya muziki na matangazo ya maduka. Alinipa karatasi ya msiba niisome hewani. Nikaisoma kama bei ya maharage. Akafunga mikro iliyokuwa mbele ya mdomo wangu.

"Mama Zaina, mufu hana haraka. Soma tena."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza komunike. Unamtaja marehemu, kisha ndugu wote wanaopaswa kujua, kila mmoja na mji wake. Halafu unarudia yote. "Mara ya kwanza mutu anashituka," alisema mkurugenzi. "Mara ya pili ndiyo anasikia." Saa nzima ya kila asubuhi ilikuwa ya komunike.

Uasi ulipoingia mjini, mkurugenzi aliambiwa aondoke na kaseti zake. Akaja komisa wa habari wa waasi, mtu wa suti, mwenye walinzi wawili mlangoni. Muziki ukawa wa gwaride, na baada ya gwaride hotuba. Saa yangu hakuifuta, ila aliikata.

"Mama, hii iko radio ao iko ofisi ya vizazi na vifo? Jina ya mufu na kartie yake, inatosha. Dakika kumi."

Nilitii: jina na mtaa, basi. Wiki hiyohiyo nikasoma: "Kambale wa Katoyi amefariki." Sasa, katika familia za Butembo na Beni, mtoto wa pili wa kiume huitwa Kambale, na Katoyi haina uchochoro usio na Kambale. Watu wakaenda kulia kwa Kambale fundi cherehani, wakamkuta anakunywa chai. Alinijia studio mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, nakuomba unifufue."

Tulicheka. Kisha nikasikia kwamba Kambale aliyekufa alizikwa bila kaka zake, na kicheko kikaisha. Nilimwomba komisa aturudishie majina. Alikataa.

Ndipo volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Lava ilimeza studio ya Murara, lakini fundi mitambo wetu alikuwa ameshaokoa meza ya kuchanganyia sauti na mtambo wa kurushia matangazo, akavisukuma juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi mtaa wa Katindo. Tukafunga antena kwenye bomba, tukawasha kwa batri za magari. Nje ikajaa foleni ya watu wenye vikaratasi vya waliopotea: mtoto wangu, mume wangu, mama yangu. Komisa akatuma agizo: hotuba yake kwanza, na jina moja tu kwa kila karatasi.

Nikajua nikitii, mji mzima utakuwa Kambale. Nikafungua mikro, nikasoma majina yote, mara mbili.

Kabla ya adhuhuri komisa alifika mwenyewe, bila suti, viatu vimejaa majivu. Nikangoja kufukuzwa. Akaninyooshea karatasi: "Kavira, mama mzee, amepotea."

"Papa Komisa, Kavira wako wengi," nilisema. "Huyu ni wa nani?"

Fundi akakohoa. Komisa alinitazama, kisha akaketi juu ya kasha la batri. "Andika, Mama. Mama ya Kasereka, ya Masika…" Akataja dada zake, wajomba, hadi mume wa binamu yake kule Sake. Majina kumi na saba. "Soma yote. Mara mbili."

Kesho yake yule mume wa binamu alimleta mama huyo mzee hadi Katindo, miguu imevimba, lakini ulimi mzima.

"Huyu amesikia jina lake kwenye radio, ndipo akanitafuta mule shuleni tulimolala wakimbizi," mama alimgombeza komisa, mwanawe, mbele ya foleni nzima. "Ungesema Kavira tu, ningefia mule, Kavira tu!"

Komisa akaniambia, "Mama, chukua saa yako."

Baada yake radio ilishikwa na kanisa, kisha na mwanasiasa aliyetaka muziki kutwa. Waasi wengine walikuja mjini wakaondoka. Kila bosi mpya alitaka kuikata ile saa, nami kila mmoja nilimketisha asubuhi moja na watu wa foleni. Hakuna aliyeikata.

Nimestaafu, sauti imechakaa. Wenye radio niliwahesabu wanne. Mwenye saa ile alikuwa mmoja tu: mtu aliyesimama na karatasi yake akingoja ndugu zake waitwe.