Mbunge na Mwenye Duka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na vyeo. Nilikuwa nimeombwa kuzungumza kwa Kiswahili mbele ya kikundi chetu cha Wakenya tuishio ughaibuni, katika kitongoji cha Rissne, kuhusu mfanyabiashara mmoja aliyekuwa mbunge Marekani ilipokuwa taifa changa. Historia sikuisomea chuoni. Nimejifundisha kwa vitabu vya maktaba, na kwa sababu hiyo naogopa kukosolewa kuliko watu wengi. Mwenyekiti alikuwa ameniambia wazi kwamba nikiwachosha watu, kipindi cha historia kitafutwa na vijana warudishiwe filamu zao.

Niliandika upya ukurasa wa kwanza mpaka dada yangu akakataa kuusikiliza. Siku yenyewe nikasoma: baraza alilokalia, kamati zake, meli zake, maghala yake. Mama mmoja aliyekuja kutoka kitongoji kingine, Tumba, akainua mkono.

“Kijana, marehemu alioa wapi?”

“Hilo sikuliandika, mama.”

“Na watoto?”

“Walikuwepo.”

“Walikuwepo!” Mzee aliyeketi nyuma akacheka. “Huu si wasifu, ni barua ya kuomba kazi. Na kazi yenyewe hatukupi.”

Ukumbi mzima ukacheka. Kwetu marehemu husomewa wazazi, mke na watoto kwanza, ndipo kazi ifuate. Nimekaa kwenye mazishi mengi ya namna hiyo, na bado sikuwa nimelifikiria. Yule mama peke yake hakucheka.

“Mwenyewe akienda bungeni, duka alimwachia nani?”

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimesoma habari za mkewe nikaziruka, nikidhani mambo ya nyumbani yangemshushia hadhi mtu wangu. Nikaweka karatasi chini, nikaeleza bila mpangilio: mume alikaa miezi bungeni, na mkewe ndiye aliyeagiza vitambaa, ndiye aliyebishana na manahodha, ndiye aliyeshika funguo za ghala. Nilikosea mwaka mmoja na sikurudi kuusahihisha.

“Kumbe mfanyabiashara ni mama!” mzee akasema. “Huyu bwana alikuwa anakula posho tu.”

Maswali yaliendelea hadi mtunza ukumbi akaja kutuharakisha tutoke. Mlangoni mwenyekiti akaniuliza mwezi ujao nitamleta nani.

Kipindi kipo hadi leo. Siku hizi naanza na nyumbani kwa mtu, na ninasoma mbele ya watu kabla sijajiona niko tayari.